Bendi Bila Ukumbi ni Ndege Bila Kiota

Bendi haizaliwi katika uwanja mkubwa. Huzaliwa katika chumba kidogo chenye joto, mbele ya watu thelathini, nusu yao wakiwa jamaa na marafiki wa mpiga ngoma. Ndiyo sababu nasema kwamba mwenye kufunga ukumbi mdogo huua bendi ambazo bado hatujazisikia. Ushahidi wangu ni jiji la Cardiff, makao makuu ya Wales.

Sifa za jiji hilo katika muziki ni za siku nyingi. Ndiko alikozaliwa mwimbaji Shirley Bassey mwaka 1937, na ndiko liliko duka la santuri la Spillers, lililoanza mwaka 1894. Lakini bendi chipukizi hasa zina kichochoro chao, Womanby Street, karibu na ngome ya zamani. Hapo mwaka 1983 wapenzi wa lugha ya Kiwelshi walifungua klabu ya Clwb Ifor Bach, wakaipa jina la shujaa aliyeivamia ngome hiyo mwaka 1158. Walitaka mahali ambapo kijana ataimba na kucheza kwa lugha ya mama bila kuona haya. Wala lugha hiyo haikubaki kichochoroni. Mwaka 2000 bendi ya Super Furry Animals, iliyoundwa Cardiff, ilitoa santuri ya Mwng, yote kwa Kiwelshi, ikapanda hadi nambari 11 Uingereza.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Womanby Street mambo yalikuwa karibu kwenda kinyume. Kulitokea mipango ya kujenga hoteli na nyumba za kukaa jirani na kumbi hizo, na kila mtu alijua mwisho wake: mgeni angehamia leo, na kesho angelalamikia kelele. Mwaka 2017 wanamuziki na mashabiki wakaandamana. Desemba 2018 serikali ya Wales iliweka kanuni ya haki kabisa: anayejenga karibu na ukumbi uliopo ndiye atakayebeba jukumu la kuzuia kelele zisimsumbue mkaaji mpya.

Hata hivyo, kanuni hiyo haimfungi mikono mwenye nyumba. Januari 2019 klabu ya Gwdihŵ, katika mtaa wa Guildford Crescent, ilifungwa kwa sababu mkataba wake wa pango haukuendelezwa. Watu wengi waliandamana, lakini mlango ulifungwa vile vile.

Hapo ndipo ninapotoa shauri langu. Maandamano ni mazuri, lakini hati ya nyumba ni bora zaidi. Katika jiji jirani la Newport, mashabiki walinunua hisa katika klabu ya Le Pub, ikawa mali yao kwa ushirika. Hiyo ndiyo njia. Halmashauri ya jiji, na kila anayejivunia wasanii waliokwisha kupata jina, wawasaidie wenye kumbi ndogo kumiliki mahali pao.

Msomaji mpendwa, kumsifu mwimbaji aliyekwisha kuvuma hakuna kazi. Kazi ni kumtunzia jukwaa yule ambaye leo anasikilizwa na watu thelathini tu.