Mwana-mbuzi Akikataa Maziwa

Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo lisumbualo jamaa nyingi, toka Bagira mpaka Kabare na Walungu. Mbuzi amezaa, kisha amekufa au amemkataa mwanawe; na mwana huyo, akipewa chupa, aikataa. Wengi husema, "Ni mkaidi huyu," wakamshika kwa nguvu, wakamfunua kinywa na kummiminia maziwa. Kesho yake wamkuta amekufa, nao wadhani kwamba ameuawa na njaa.

Tusiidharau hasara hiyo. Katika vita vya 1996 na 1998 ng'ombe wengi wa Bushi waliporwa, na jamaa nyingi zikabaki na mbuzi tu. Mbuzi ndiye akiba ya nyumba: akiuzwa, mtoto hulipiwa minervali ya sekondari, au mgonjwa hununuliwa dawa.

Ifahamike basi kwamba mnyama mchanga hana ukaidi. Akikataa, ipo sababu, nayo yatupasa kuitafuta kwanza.

Sababu ya kwanza ni baridi. Bukavu yetu iko juu, kwenye mita 1,500 hivi, na mvua hunyesha toka Septemba mpaka Mei. Mwana aliyezaliwa usiku wa mvua, asirambwe na mama yake, hupoa upesi. Mtie kidole kinywani: kinywa kikiwa baridi, usimpe maziwa bado, kwa maana hana nguvu ya kunyonya, wala tumbo lake haliwezi kuyasaga. Mkaushe kwa kitambaa, mfunike, mweke karibu na moto hata kinywa kipate joto.

Sababu ya pili ni maziwa yenyewe. Joto la mwili wa mbuzi ni digrii 39 hivi; maziwa yaliyopoa humchukiza. Yapashe mpaka tone moja juu ya kifundo cha mkono wako liwe vuguvugu. Siku ya kwanza apewe dang'a, yaani maziwa mazito ya mwanzo, katika saa 6 za kwanza, kwani ndani yake imo kinga ya magonjwa. Kama mama amekufa, omba kwa jirani ambaye mbuzi wake amezaa sasa hivi. Dang'a isichemshwe; chupa yake itiwe tu ndani ya maji ya moto.

Sababu ya tatu ni ugeni. Aliyekwisha kuonja kiwele cha mama yake haujui mpira wa biberoni. Mpake tone la maziwa midomoni. Mfunike macho kwa kiganja, apate giza kama la chini ya tumbo la mama. Msugue taratibu chini ya mkia, maana ndipo mama amrambapo anaponyonya. Tazama pia tundu la mpira: ukipindua chupa, maziwa yatoke tone kwa tone, si kwa mfululizo.

Hapo asimame kwa miguu yake mwenyewe, kichwa kimeinuka kidogo. Usimlaze chali hata mara moja. Mwana anyonyaye mwenyewe, mfereji hujifunga ndani yake, nayo maziwa hupita chumba cha nyasi na kufika penye tumbo la kuyasaga. Lakini yakimiminwa kwa nguvu, huingia mapafuni. Basi yule tuliyemtaja hapo juu hakuuawa na njaa, bali na mkono wa aliyetaka kumwokoa.

Akiwa ana nguvu na bado akataa, mwache saa 2 au 3, kisha jaribu tena. Apewe kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa siku, na chupa ioshwe kila mara kwa maji yaliyochemka. Ukiona kitovu kimevimba, midomo ina vidonda, au anahara, usikawie kumwita veterineri.

Mwisho, enyi wazazi, kazi hii mpeni mtu mmoja, hata akiwa mtoto wa shule, maana mwana-mbuzi huzoea sauti moja na harufu moja. Mtoto huyo naye atajifunza kwamba kiumbe dhaifu halishwi kwa nguvu, bali kwa subira.