Joênia Wapichana na Mzigo wa Kuwa wa Kwanza

Ni desturi yetu kumpongeza mwanamke anayeingia mahali ambapo hakuna mwenzake aliyewahi kuingia, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Vyombo vya habari humwita "wa kwanza", vitabu humpa aya moja, na wenye madaraka hupata ushahidi kwamba mlango ulikuwa wazi siku zote. Naiona desturi hiyo kuwa ya hatari, na utumishi wa Joênia Wapichana wa Brazili unatosha kuonyesha kwa nini.

Joênia ni Mwapichana, mmoja wa wenyeji asilia wa jimbo la Roraima, kaskazini mwa Brazili, linalopakana na Venezuela na Guyana. Mwaka 1997 alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Roraima, akawa mwanamke wa kwanza wa jamii za asili kuwa wakili nchini humo. Elimu hiyo aliipeleka katika Baraza la Wenyeji Asilia la Roraima, ambako kwa miaka mingi alitetea ardhi ya vijiji vyao.

Mwaka 2008 alisimama mbele ya Mahakama ya Juu, uso wake ukiwa umechorwa kwa jadi ya watu wake, wakili wa kwanza mwenye asili hiyo kuzungumza mahali pale. Shauri lilihusu Raposa Serra do Sol, eneo la takriban hekta milioni 1.7. Wakulima wakubwa wa mpunga walitaka eneo hilo likatwe vipande. Wenyeji walitaka libaki moja. Mwaka 2009 mahakama iliamua libaki moja, na wakulima hao wakatakiwa kuondoka.

Mwaka 2018 wapiga kura wa Roraima walimpeleka bungeni, mwanamke wa kwanza wa jamii za asili kuwa mbunge wa shirikisho. Kabla yake bunge hilo lilikuwa limemwona mwenyeji asilia mmoja tu akichaguliwa, Mário Juruna, mwaka 1982. Joênia alikuwa mmoja kati ya wabunge 513, chini ya serikali ya Jair Bolsonaro iliyotangaza waziwazi kwamba haitawatengea wenyeji ardhi mpya. Hata hivyo, muswada wake wa kubadili jina la Siku ya Mhindi kuwa Siku ya Watu wa Asili ulipita, rais akaukataa, na mwaka 2022 Bunge likautengua uamuzi wa rais.

Mwaka huohuo alishindwa uchaguzi. Hapa naomba msomaji atulie. Kura zake hazikupungua: mwaka 2018 alipata zaidi ya 8,000, na mwaka 2022 zaidi ya 11,000. Lakini katika mfumo wa uwiano wa Brazili, viti hugawanywa kwanza kwa vyama, na kura za upande wake kwa jumla hazikutosha kupata kiti. Watu wake walimwongezea imani, kanuni zikamwondoa. Anayedhani uwakilishi ni suala la ujasiri wa mtu mmoja auchunguze mfano huu.

Mwaka 2023 Rais Lula alimkabidhi uongozi wa FUNAI, taasisi ya serikali ya masuala ya wenyeji asilia. Iliundwa mwaka 1967, na kwa zaidi ya miaka 50 haikuwahi kuongozwa na mwanamke wa jamii inazozihudumia. Lakini mwaka huohuo pambano la ardhi lilirudi upya. Katika hukumu ya Raposa Serra do Sol ndimo ilimotoka hoja kwamba jamii ithibitishe ilikuwa katika ardhi yake tarehe 5 Oktoba 1988, siku katiba ilipotangazwa. Jamii iliyofukuzwa kabla ya siku hiyo itathibitishaje? Septemba 2023 mahakama ilikikataa kigezo hicho; kabla ya mwaka kwisha, Bunge likakirudisha kwa sheria.

Hukumu pekee haimrudishii mtu shamba. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hilo: Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliwapa Waogiek wa Kenya haki juu ya Msitu wa Mau mwaka 2017, na utekelezaji wake ukawa safari nyingine ndefu.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayemsoma Joênia asiishie kwenye orodha ya nafasi alizozifungua, bali asome pia kanuni za uchaguzi zilizomtoa bungeni. Mwanaharakati aliyeshinda kesi aisome hukumu yake hadi ukurasa wa mwisho, kwa maana mpinzani wake ataisoma. Na mtumishi wa umma mwenye faili la ardhi mezani akumbuke kwamba kuchelewa kwake nako ni uamuzi. Heshima anayostahili wa kwanza ni kuhakikisha kwamba wa pili na wa tatu hawaanzi upya pale alipoanzia yeye.