Mhola Si Jibu la Kidonda

Asubuhi ya pili baada ya kupasuliwa ngiri, babu yangu, mkulima wa pamba wa Itilima aliyekwisha kupindukia miaka 70, alikuwa amelala chali katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ya mkoa wetu wa Simiyu, magoti ameyakunja, kiganja amekilaza juu ya kinena, wakati muuguzi wa zamu alipopita na mafaili yake kifuani, akampa shikamoo kwa adabu, akamwuliza ameamkaje, naye, kwa sauti ile ile aitumiayo nyumbani kupokea wageni, akajibu, "Mhola duhu." Muuguzi akaandika kwamba mgonjwa hana maumivu, akaenda kitanda cha pili, ambako kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyepasuliwa siku ile ile kwa maradhi yale yale, alikuwa akigumia na kumwita mama yake, akamdunga sindano. Nilipouliza kwa nini mzee hakupewa chochote, nilijibiwa na watu watatu kwa pamoja, muuguzi mwenyewe na jamaa wawili waliokuja kujulia hali wagonjwa wao, kwamba wazee hawaumwi kama vijana, maana miili yao imekwisha zoea taabu.

Dhana hii nimeisikia Bariadi mjini, nimeisikia Maswa na Meatu, katika vinywa vya watu wema ambao hawamtakii mzee yeyote shari, nami nasema pasipo kumung'unya maneno kwamba ni dhana batili, tena yenye madhara. Inao ndugu zake wawili: ile isemayo kwamba mtoto mchanga hajui maumivu, na ile isemayo kwamba kijana aliaye baada ya kisu anadeka, na kwamba akipewa dawa hupewa ili anyamaze. Ziweke zote tatu mahali pamoja uzitazame. Mchanga hajui, kijana anadeka, mzee amezoea. Basi ni nani, tangu kuzaliwa hata kufa, aumwaye kwa haki?

Kuhusu wachanga, hata mabingwa wa dunia walipotoka kwa muda mrefu. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Uingereza na Marekani, watoto wachanga waliweza kupasuliwa hali wamelegezwa misuli wasifurukute, pasipo dawa ya kutosha ya kuwaondolea maumivu; na ilikuwa mwaka 1987 ndipo Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walipothibitisha kwamba watoto njiti waliofungwa mshipa ulio karibu na moyo baada ya kupewa dawa kali ya maumivu walipata msukosuko mdogo zaidi wa mwili, na matatizo machache zaidi baadaye, kuliko wale wasioipata. Mchanga hakuwa na lisani ya kujitetea. Babu yangu anayo, ila lisani yake ilisikiwa kinyume.

Maana neno mhola, kwetu Usukumani, ni salama, na mtu hulitamka mvua imekata au ng'ombe wamekufa, kwa sababu ni kalima ya heshima inayotangulia habari yoyote, njema kwa mbaya. Siku nyingi baadaye nilimwuliza babu kwa nini aliukana uchungu wake. Alinitazama kwa mshangao. "Alinisalimu," akasema, "nami nikamwitikia." Hakuna aliyemwuliza habari ya kidonda. Na hata kama angeulizwa, mzee aliyelelewa katika kawaida kwamba mtu mzima halii mbele ya wajukuu zake angestahamili hadi jasho limtoke, nasi tungeisoma stahamala yake kuwa ni afya.

Insafu yanilazimu kukiri kwamba ndani ya dhana hii mna chembe ya ukweli. Wataalamu waliopima maumivu baada ya upasuaji wameona kwamba vijana, kwa jumla, hutaja maumivu makali zaidi kuliko wazee. Na mwaka 1996 Pamela Macintyre na mwenzake Jarvis, huko Australia, walipowachunguza wagonjwa waliojipimia wenyewe mofini kwa mashine, waligundua kwamba umri hubashiri mahitaji ya dawa hiyo vema kuliko uzito wa mwili, hata wakatoa kanuni nyepesi: katika 100 toa umri wa mgonjwa, utapata wastani wa miligramu za saa 24 za kwanza. Kwa hesabu hiyo kijana wa miaka 30 huhitaji kama 70, na mzee wa miaka 70 huhitaji kama 30. Tazama vema, ewe msomaji: thelathini. Hesabu hiyo haimpi mzee huyo sifuri. Tena huo ni wastani, kwani katika watu wa rika moja mmoja huweza kuhitaji mara kadhaa ya mwenziwe. Figo za mzee huitoa dawa polepole na ubongo wake hulemewa nayo upesi, ndiyo maana kipimo kidogo humtosha na hudumu; na hayo ni maelezo ya namna mwili unavyoipokea dawa, wala hayatuambii kidonda kinauma kiasi gani.

Wako wasemao kwamba kumnyima mzee dawa ni kumhurumia, asije akachanganyikiwa akili. Walakini uchunguzi uliofanywa New York na kutangazwa mwaka 2003, juu ya wazee waliovunjika nyonga, ulionyesha kwamba waliopata mofini kidogo mno ndio waliochanganyikiwa zaidi. Na mzee mwenye maumivu hakohoi, kwa hiyo makohozi hutuama kifuani yakazaa nimonia. Hainuki kitandani, kwa hiyo damu huganda miguuni. Wangapi tumewazika tukisema uzee umewachukua?

Najua dawa ni adimu. Mwaka 2017 jopo la jarida la Lancet lilieleza kwamba katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata sehemu ya kumi ya tani moja. Dhuluma hiyo haikutoka Simiyu. Lakini parasetamoli inayotolewa kwa saa zake, badala ya kungoja kelele, haihitaji mgao wa mofini, na kumwambia mzee kwa Kisukuma ageuke ubavu, akohoe, kisha aseme kama ni kidogo, ni makali au ni makali mno, hakugharimu hata senti.

Usiku wa siku ile ya mhola nilimwomba muuguzi wa zamu ya pili afanye hivyo. Akamwinamia, akamwita babu, akamwomba akohoe mara moja tu. Babu akavuta pumzi, akaikata nusu, vidole vikaganda juu ya kinena, na machozi yakamtoka pasipo sauti. Muuguzi hakuuliza la pili. Akaenda kumwita daktari, akarudi na dawa katika kipimo cha wazee. Haikutimia saa nzima babu akakohoa, akatema makohozi mazito ya siku mbili, akaniagiza nimpe fimbo yake aende chooni mwenyewe.