Mtoto anaposikiliza kitabu, nani wa kumwitikia?

Katika nyumba nyingi siku hizi simu ya mzazi imepata kazi mpya jioni. Mtoto anailaza kando ya mto, anabonyeza, na sauti ya mtu asiyemfahamu inaanza kumsomea habari za msichana aliyetumbukia kwenye shimo la sungura. Hakuna picha wala mchezo. Ni kitabu cha kusikiliza.

Wazazi hulipokea jambo hili kwa namna mbili. Wapo wanaosema huo ni uvivu, mtoto ashike kitabu asome kwa macho yake. Wapo pia wanaoshukuru kimoyomoyo kwamba nyumba imetulia, wakaendelea na shughuli zao. Wote wanasahau kitu kimoja: hadithi za watoto zilikuwa sauti kabla hazijawa karatasi, na sauti hiyo ilikuwa na mtu wa kuiitikia.

Ilianza mdomoni

Kisa hicho cha msichana na sungura ni mfano mzuri. Julai 4, 1862, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza, Charles Dodgson, alipanda mashua na rafiki yake pamoja na mabinti watatu wa familia ya Liddell. Watoto wakataka hadithi, naye akawatungia papo hapo. Mmoja wao, Alice, aliyekuwa na miaka 10, akamwomba amwandikie. Kitabu kikatoka mwaka 1865 kwa jina la Lewis Carroll, ambalo Dodgson alilitumia katika uandishi.

Wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1940 kikiitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akakitafsiri upya kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Kwa hiyo mtoto anayekisikiliza leo anakipokea kwa njia ile ile ya wale mabinti wa kwanza. Tofauti ni kwamba wao waliweza kumkatiza msimulizi, wakamuuliza, wakamhimiza aendelee. Simu haiulizwi swali.

Waswahili wanalijua hili tangu zamani. Msimulizi akisema "Paukwa!" anasubiri "Pakawa!" Asipoitikiwa, anajua wasikilizaji wamesinzia, na ngano inaishia hapo mpaka kesho. Rekodi haina habari hiyo. Mtoto akielewa, akiogopa au akisinzia, yenyewe inaendelea tu hadi sura ya mwisho.

Si uvivu

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa maandishi kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Moja likikosekana, jingine peke yake halitoshi. Kusikiliza kunalisha hilo la pili. Mtoto anapata maneno mapya, anazoea sentensi ndefu, anajifunza kufuata kisa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Faida hii inaonekana zaidi kwa mtoto anayesoma kwa shida. Yupo wa darasa la tatu anayesoma silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Darasani anachekwa, nyumbani anaambiwa hana akili. Huyo huyo akisomewa, anacheka mahali pa kucheka na kesho yake anakisimulia kisa chote bila kuruka kitu. Mzazi akiliona hilo amepata habari kubwa: akili ya mtoto ni nzima, shida iko kwenye kuyatambua maandishi. Hapo ana jambo mahususi la kwenda kuzungumza na mwalimu, badala ya kulaumu na kuchapa.

Hata hivyo, kusikiliza peke yake hakumfundishi mtoto kusoma. Kitabu chenyewe kikipatikana, awe nacho mkononi afuate kwa kidole huku akisikiliza.

Lugha nayo iangaliwe. Vitabu vingi vya kusikiliza vinavyopatikana bure ni vya Kiingereza. LibriVox, mradi wa wasomaji wa kujitolea ulioanza mwaka 2005, una rekodi za vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha, na hicho cha Alice kimo. Kina sura 12 fupi, zinazofaa kusikilizwa moja kila jioni. Lakini Kiingereza chake ni cha karne ya 19, chenye mizaha ya maneno inayomtatiza hata mtu mzima. Mtoto akiachiwa hivi hivi, huenda akaambulia sauti nzuri tu. Mzazi akimdokezea kwa Kiswahili, kabla ya kubonyeza, nini kitatokea katika sura hiyo, mtoto anaingia akijua anachokitafuta.

Vipi kuhusu uchawi na mazimwi?

Hofu nyingine ya wazazi ni yaliyomo. Hadithi hizi zina wachawi, wanyama wanaosema na watu wanaotoweka. Wengine huona ni heri kuzipiga marufuku kabisa.

Ingefaa kwanza kukumbuka ngano za hapa hapa. Katika zile alizozikusanya Edward Steere huko Zanzibar na kuzichapisha mwaka 1870, kimo kisa cha paka wa sultani. Paka anakula mifugo, na kila akishtakiwa sultani anasema paka ni wake na mifugo ni yake, aachwe. Mwishowe paka huyo ndiye Nunda, mla watu. Ni kisa cha kutisha, lakini kinamfundisha mtoto kwamba kosa dogo likilelewa humrudia mlezi wake.

Zimwi la hadithini humpa mtoto nafasi ya kuogopa akiwa mahali salama. Ila usalama huo hauletwi na simu. Unaletwa na mtu mzima aliye karibu, anayeweza kusema "ngoja kwanza" na kumuuliza kama aendelee. Mzazi mwenye wasiwasi asikilize sura mbili tatu mwenyewe. Akikuta yasiyolingana na imani au umri wa mtoto wake, akiache kitabu hicho akijua sababu, na amweleze mtoto.

Namna ya kuitikia

Hakuna haja ya saa nzima. Sura ya kwanza isikilizwe pamoja. Simu ikae mezani kwa sauti ya wazi, wakati wa kuchambua mchele au kukunja nguo, ili hata wadogo zake wasikie. Sura ikiisha, inatosha kuuliza swali moja lisilo la mtihani: "Ungekuwa wewe, ungefungua mlango ule?" Akijibu, asikosolewe. Asipokuwa na la kusema, labda hakuelewa, na sura irudiwe.

Bando nalo lina gharama. Sura zipakuliwe mara moja, kisha data izimwe. Hapo hata matangazo na jumbe hazitamkatiza, wala hatahamia kwenye video.

Kama ni lazima atumie spika za masikioni, sauti iwe ya chini. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, waliweka kikomo cha mtoto kuwa desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Nyumbani hakuna kipimo cha desibeli, lakini sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Na mtoto asilale nazo masikioni.

Wakati wa kulala usiwe wa sura za kutisha. Hizo zisikilizwe mchana au jioni mapema, ili muda wa maswali uwepo.

Familia inaweza pia kutengeneza vitabu vyake. Baba aliye dereva wa lori anaweza kusoma kurasa mbili akiwa amepumzika njiani, akazituma kwa ujumbe wa sauti. Bibi aliyeko kijijini ana ngano ambazo hazimo katika kitabu chochote, na simu ya mjukuu aliye karibu naye inatosha kuzirekodi. Mtoto wa mjini akimaliza kusikiliza, apewe simu ampigie bibi yake, amuulize ilikuwaje yule sungura akaokoka. Bibi atajua kwamba ngano yake imeitikiwa, na huenda akaanza nyingine hapo hapo.