Mapumziko ya Kaskazi katika Maji ya Watamu na Mida

Mtu wa Mariakani, aliyezoea kelele za malori katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, haioni bahari kutoka mlangoni pake. Lakini akishika njia ya Kaloleni hata Mavueni, kisha akapinda kupita Kilifi, siku haitakwisha kabla hajafika Watamu. Akifika kati ya Desemba na Machi atakuwa amekuja kwa wakati wake. Miezi hiyo Ulaya ni baridi kali, na huku pwani huvuma kaskazi. Mawimbi hulala, hasa kuelekea Machi, na maji huwa safi hata mtu aliye mashuani ayaone matumbawe chini.

Kuja kwa chombo na kupumzika pwani hii si desturi ngeni. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa rubani, akang'oa nanga tarehe 24 upepo ulipokuwa ukigeuka, akafika Calicut Mei 20. Majahazi ya Uarabuni nayo yalishuka na kaskazi na kurudi kwa kusi kwa karne nyingi. Mapumziko ya mabaharia hao yalikuwa ya lazima. Ya leo ni ya starehe, walakini masharti yake yamezidi.

Kwa maana maji hayo yana mwenyewe. Mwaka 1968 Malindi na Watamu zilitangazwa kuwa Hifadhi za Taifa za Bahari, na ndani yake hapana ruhusa ya kuvua samaki wala kuokota makombe. Katika maji ya akiba yaliyo kando, mvuvi aruhusiwa kutumia zana za kienyeji. Jambo hilo halikuwa jepesi kwa mtu ambaye babu yake alitega madema papo hapo. Wako waliogeuka kuwa wachukuzi wa wageni kwa mashua zenye kioo chini, lakini kusi ikichafua bahari kazi hiyo hupungua sana, wala si kila mvuvi aliyepata nafasi. Basi mgeni afurahiaye samaki wakubwa wasioogopa watu, na afahamu kwamba yuko jirani aliyeacha kitoweo chake ili samaki hao wawepo.

Nahodha mwema hatupi nanga juu ya matumbawe. Hufunga chombo kwenye boya, au hutafuta mchanga mtupu. Tumbawe ni kiumbe hai, na aina nyingi hukua kwa sentimita chache tu kila mwaka. Nanga ikokotwayo huvunja kwa dakika moja kazi ya miaka mingi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakawa meupe na mengi yakafa. Haifai yaliyosalia yapate adui wa pili.

Kusini mwa Watamu liko hori la Mida. Maji yakijaa mashua hupita hata kando ya mikoko. Yakipwa, tope hubaki wazi, na ndege hushuka kwa makundi. Hao nao ni wageni wa kaskazi, wengine wametoka Siberia. Yuko mmoja mweupe, mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye huzalia katika fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai 1 tu, na mtoto huendelea kulishwa na wazazi hata wakiisha kuja huku. Mashua ya injini ikiwapitia karibu huruka wote, na kila warukapo nguvu waliyoiweka kwa safari ya kurudi hupungua.

Asiye na chombo hujengewa njia: ya mbao, kati ya mikoko, ambayo ada yake imesaidia kulipa karo za watoto wa vijiji vilivyo karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Mwenye chombo na aulize kwanza saa za maji. Mida ikianza kupwa haimngoji mtu, na aliyekwama topeni hana budi kukaa humo saa kadhaa, juani, mpaka bahari irudi, huku kaa wakitoka mashimoni kumtazama.