Pua Wazi, Pumzi Haitoshi

Mgonjwa akisema hapumui vizuri, na daktari akachungulia puani akaona njia i wazi, tusiharakishe kusema ana wasiwasi tu. Huko Marekani, mwaka 1994, madaktari wa Mayo Clinic waliiita "pua tupu" hali ya watu waliopunguzwa nyama za ndani ya pua ili wapate hewa, kisha wakalalamika kwamba pumzi haiwatoshi. Wengi hawakuaminiwa.

Kompyuta imewatetea. Kwa picha za skani, wataalamu huunda humo pua ya mgonjwa, kisha hupiga hesabu ya jinsi hewa inavyopita. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State walionyesha kwamba kwa wagonjwa hao hewa hukimbilia katikati, na sehemu za chini haiziguzi sana. Nasi huhisi tunapumua pale hewa inapopoza utando wa pua. Ndiyo maana ukimung'unya peremende ya minti pua huonekana kufunguka, kumbe haikupanuka hata kidogo!

Twaonelea, basi, kabla ya kukubali kisu, familia imwulize daktari: utakata kiasi gani, na je, hakuna dawa ya kujaribu kwanza?