Mzazi Mtegemezi ni Nani?

Hivi karibuni nilipita Kisii, nikaendelea hadi Nyamira, nikawa mgeni wa mama mmoja mjane mwenye shamba la majani chai na migomba. Sisi watu wa pwani tukipanda milima ile hulalamikia baridi kwanza. Mama yule alinipa chai ya maziwa, kisha akanionyesha barua mbili kutoka Ulaya.

Bintiye ni muuguzi mjini Dublin, ameolewa na Mreno. Mwanawe wa kiume yuko Ujerumani, naye amekwisha kuwa raia wa huko. Wote wawili wamwambia mama aende akakae nao. Nilidhani mwenye pasipoti ya Kijerumani ndiye mwenye nguvu zaidi. Kumbe sivyo.

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 38 ya mwaka 2004 humruhusu raia wa nchi moja ya Umoja aliyehamia nchi nyingine ya Umoja kumchukua mzazi wake, au mzazi wa mkewe au mumewe, awe wa taifa lolote, maadamu mzazi huyo anategemea msaada wao. Mreno aliyehamia Ireland yumo katika sheria hiyo, na mkwewe pamoja naye. Mjerumani akaaye kwao Ujerumani hakuhama. Yeye hufuata sheria ya kwao, ambayo humtaka aonyeshe dhiki isiyo ya kawaida. Haki hii, basi, ni ya mwenye kuhama. Uingereza nayo ilikuwamo, lakini mlango huo ulifungwa mwisho wa mwaka 2020, baada ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja.

Utata uko katika neno "kutegemea". Mwaka 2007, katika kesi ya mama wa Kichina aliyetaka kukaa Sweden na mwanawe aliyeoa Mjerumani, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mzazi awe anahitaji msaada huo kwa mahitaji yake ya lazima huko huko anakotoka. Ahadi ya mtoto kuwa atamtunza huenda isitoshe. Ndiyo maana binti yule aliandika: "Mama, tunza kila risiti ya fedha ninazokuletea."

Mama akacheka. "Mwanangu, mimi ni wa kutegemea? Chai nauza, ng'ombe nakamua. Fedha zake ni za dawa na mbolea." Kisha akatazama migombani, lilipo kaburi la mumewe, akaniuliza: "Nikifia huko, nani atanirudisha hapa?"

Chuoni tulifundishwa kuwa Sura ya Bani Israil inapotaja uzee wa wazazi, inautaja ukiwa kwa mtoto, mbele ya macho yake. Sheria ya Ulaya nayo ina huruma, lakini haiwezi kupima mapenzi, hupima risiti. Siilaumu kwa hilo. Ila ili mama yule afunguliwe mlango, hapana budi aandikwe kuwa hajiwezi, na yeye ajiona mwenye mji wake.

Wengi wetu, Mombasa na Lamu, tuna watoto ng'ambo wanaotaka kutenda wema huo huo. Nawaomba: risiti zitunzeni, kwani bila hizo mlango haufunguki. Lakini kabla ya kujaza fomu, muulizeni mzazi kwanza kama ataka kwenda. Mama wa Nyamira, barua zote mbili, hakuna iliyomuuliza.